Upepo wa Kusi na Bustani za Mombasa: Dalili, Sababu na la Kufanya

Kusi ikishika, malalamiko huwa yale yale kutoka Bamburi hadi Likoni: mpapai umelala, nyanya zimepukutisha maua, asumini imeungua upande mmoja, migomba imebaki mbavu tupu. Na jawabu la jirani huwa moja: "Ni upepo huo." Mara nyingi si upepo peke yake. Upepo humalizia kazi iliyoanzwa na mizizi mifupi, kamba iliyokazwa kupita kiasi, maji ya kisima yenye chumvi, au ukuta uliojengwa kwa nia njema. Kabla hujatoa pesa ya neti, mtafute kwanza aliyeanza.

Upepo wa kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, na makali yake huwa kati ya Juni na Agosti. Kaskazi hushika kwenye Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Ni mpole kuliko kusi lakini huja na jua na ukame. Zote mbili hupita juu ya bahari kabla ya kufika kwako, kwa hivyo Kizingo, Nyali na Shanzu hupata chumvi pamoja na upepo, ilhali Tudor na Mikindani, zilizoko ndani ya mkono wa bahari, hupata upepo wenye chumvi kidogo. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali wa pwani, kiwango inachotaja kwa kawaida ni kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa.

Jambo moja la hesabu litakusaidia katika yote yanayofuata. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Kinyume chake ndicho chenye faida: ukiweza kupunguza kasi hiyo kwa nusu tu, mmea unabaki na robo ya msukumo. Huna haja ya kuuzuia upepo.

Mmea unayumba shinani, au umelala kabisa

Hili ndilo linaloripotiwa zaidi, hasa kwa mipapai, mbilingani, pilipili na miembe michanga. Shika shina usawa wa goti, litikise polepole huku ukitazama ardhi. Ukiona kitundu cha mviringo kimelizunguka shina, mmea umeyumba siku nyingi na mizizi yake myembamba inakatika kila upepo unapovuma. Ukiona udongo unapasuka na kuinuka upande unakotoka upepo, mizizi mikubwa yenyewe inang'oka, na hapo usingoje kesho.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni umwagiliaji wa kopo moja kila jioni. Mchanga wa pwani hunywa upesi na kukauka upesi. Mmea unaopewa maji kidogo kila siku huweka mizizi yake juu juu, pale yanapoishia maji. Kujua ni rahisi: saa moja baada ya kumwagilia, chimba kwa mwiko pembeni kidogo ya shina. Kama unyevu umeishia kwenye kina cha vidole viwili, umepata mkosaji. Maji yale yale ya wiki nzima yagawe mara mbili au tatu, uyamwage kwa wingi ndani ya kisahani cha udongo chenye upana wa matawi, si kwenye shina. Kisha funika ardhi kwa majani makavu, na juu yake uweke makuti kuukuu ili yasipeperuke. Makumbi ya nazi ni mazuri pia, ila uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufuoni ili kutoa usumba wa kamba yamejaa chumvi. Yaoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kabla ya kuyatandaza.

Inayofuata ni mche uliozeeka kwenye mfuko. Wauza miche wa kando ya barabara hawapendi kutupa mali, na mnunuzi naye hupenda mche mrefu. Lakini mche uliokaa sana kwenye mfuko mweusi una mizizi iliyojizungusha ndani kwa ndani, na ukipandwa hivyo huendelea kujizungusha. Unaweza kupata mti wa miaka mitatu unaong'oka na donge la mizizi lenye umbo la ule mfuko. Dawa yake iko siku ya kupanda: toa mfuko wote, pasua donge kwa kisu sehemu tatu au nne kutoka juu hadi chini, nyoosha mizizi iliyojikunja. Kwa mti uliokwisha kukua hivyo, bora kupanda mwingine. Na ukienda kununua, chagua mche mfupi wenye shina nene; ule mrefu mwembamba mwachie mwenzako.

Kisha kuna mwamba. Sehemu kubwa ya kisiwa na ukanda wa Nyali hadi Bamburi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na jembe likigonga mwamba kwenye kina cha mkono, mizizi nayo imegonga hapo. Vunja kwa mtaimbo shimo pana kuliko lilivyo refu, au jenga tuta la udongo na samadi lenye kimo cha kutosha. Mimi ningechagua tuta, kwa sababu linatatua pia tatizo la nne: maji kutuama. Mvua za Mei zinapokutana na udongo uliojaa maji, mizizi ya mpapai huoza upesi, na upepo wa kawaida tu huuangusha. Ukifukua kidogo na kukuta mizizi laini, ya kahawia, inayonuka, sahau fito. Ung'oe, usipande mpapai mwingine pale pale, na panda mpya juu ya tuta.

Kuegemeza mmea kuna adabu yake. Chomeka nguzo mbili nje ya donge la mizizi, mmea ukiwa katikati. Funga kwa mpira wa baiskeli kuukuu au kitambaa kipana, ukizungusha kwa umbo la nane ili shina na nguzo visisuguane, na ufunge kwenye theluthi ya chini ya shina, si karibu na kilele. Acha nafasi shina licheze kidogo. Shina lisilotikiswa kabisa halinenepi, na siku utakapoondoa nguzo litapinda. Mmea ukishika, ndani ya mwaka mmoja, nguzo ziondoke.

Mche ulioangushwa uinue ardhi ikiwa imelowa, siku hiyo hiyo au ya pili yake, na upunguze mzigo. Mwembe au mpera mchanga hustahimili kukatwa theluthi ya matawi. Mpapai haukatwi kichwa. Punguza majani ya chini na baadhi ya matunda.

Mgomba una mambo yake. Ukianguka na mkungu, tazama kwanza kama ulipandwa juu juu au umepanda wenyewe: machipukizi ya kila kizazi huota juu kidogo ya mama yake, mpaka shina zima linakaa kama limewekwa juu ya ardhi. Jazia udongo na samadi. Kama sivyo, kata kipande cha kitako: vijia vyeusi vilivyotobolewa humo ni kazi ya fukusi wa mgomba, na machipukizi ya shina hilo usimgawie mtu. Mgomba mzima wenye mkungu mzito unahitaji fito mbili tu zilizofungwa kama mkasi, zikiwekwa upande ule unaoinamia mkungu.

Kingo za majani zimekauka na kuwa kahawia

Hapa watu hukosea sana, kwa sababu mambo manne tofauti huacha alama inayofanana. Usikimbilie dawa. Zunguka mmea mara moja, kisha tazama majani machanga na makuukuu.

Kama majani yaliyoelekea baharini ndiyo yaliyoungua, na ya nyuma ni mazima, hiyo ni chumvi ya hewani. Mawimbi yakipasuka kwenye mwamba hutoa vitone vinavyosafiri na upepo, vikitua juu ya jani maji hukauka, chumvi hubaki. Pitisha kidole kwenye jani, au tazama kioo cha dirisha la upande huo: ukungu mweupe unaorudi kila ukifuta ndio huo huo. Nyunyizia majani maji baridi asubuhi na mapema, siku ile ile iliyofuata upepo mkali. Kama mvua imenyesha, imekwisha kukufanyia kazi. Usikate majani yaliyoungua nusu. Bado yanawalinda wenzao walioko nyuma.

Kama kuungua kumezunguka mmea wote, tena kumeanza na majani makuukuu ya chini, shuku maji unayomwagilia. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na mfereji unapokauka, kisima ndicho kinachoendesha bustani. Dalili zake ni sabuni isiyotoa povu, na ukoko mweupe kwenye udongo au mdomo wa chungu. Ukuta mrefu hata ukiujenga kila upande, mimea hiyo itaendelea kuungua. Changanya na maji ya mfereji au ya mvua, na mara moja moja mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kumwagilia kidogo kidogo kwa maji ya chumvi ni kuikusanya. Ukitaka kuuza mboga na si kula tu nyumbani, hapa ndipo pa kusimama na kupeleka sampuli ya maji na udongo maabara. Afisa wa kilimo wa wadi yako atakuelekeza, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, si mbali.

Majani machanga yakinyauka na kukauka ncha wakati wa kaskazi, huku maji ni mazuri, ni ukavu: upepo unatoa maji kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyopandisha. Kivuli cha mchana na matandazo hutosha. La mwisho, na hutokea mara chache, ni mbolea ya dukani iliyozidi. Kama umeweka CAN wiki iliyopita na majani yameungua wiki hii, jibu unalo.

Kwa upande unaotazamana na bahari moja kwa moja, usishindane na maumbile. Bogenvilia, mkadi, mnazi na mti wa mkungu (si mkungu wa ndizi) huvumilia chumvi. Asumini, mrihani, ndimu na nyanya zikae nyuma yao.

Shina au tawi limevunjika

Tazama pale lilipovunjikia. Likivunjika kwenye kamba, kamba ndiyo iliyoua: waya na nailoni hulikata shina upepo unaposukuma. Likivunjika katikati, na mmea ni mrefu, laini, wa kijani kibichi kilichoiva sana, umepewa samadi mbichi au mbolea ya kukuzia kupita kiasi. Nyama imezidi mfupa. Likivunjika kwenye panda ya matawi mawili yaliyobanana, panda hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na mwenzake atafuata. Na ukikuta ndani ni pakavu, pana vumbi au vijia vya udongo, ni mchwa au bungua.

Nyanya na pilipili zilizovunjika bila kukatika kabisa hupona mara nyingi zikifungwa kitambaa na kijiti siku hiyo hiyo. Tawi la mti likate vizuri, karibu na shina bila kuligusa shina lenyewe, usiache kisiki kilichochanika. Kazi yote hii ni ya mtu aliyesimama chini. Ukiona unahitaji ngazi na msumeno kwa pamoja, acha.

Majani ya mgomba yamechanika vipande vipande

Hapana la kufanya. Jani la mgomba limeumbwa kuchanika. Likichanika hupitisha upepo na mti husimama. Uchanikaji ukizidi mavuno hupungua kidogo, lakini kuzungushia mgomba neti ni gharama bure. Wasiwasi uwe pale jani linapokunjika kwenye kikonyo na kuning'inia: hapo tazama maji, kisha kitako kama tulivyosema.

Maua na vitunda vichanga vinapukutika

Nyuki hawatoki vizuri upepo ukiwa mkali, kwa hivyo tango, boga na pasheni huchanua na kuanguka bila kushika. Angalia asubuhi: kama hakuna mdudu hata mmoja kwenye maua, chukua ua dume la boga, ling'oe petali, na uguse maua majike mwenyewe. Dakika chache tu zinatosha kwa bustani ya nyumbani.

Nyanya ni kinyume. Ua lake hujichavusha na hupenda kutikiswa, kwa hivyo upepo wa kiasi ni rafiki yake. Likipukutika, anza na maji yanayokuja na kukatika, kisha joto la usiku miezi ya kaskazi, na upepo uwe wa tatu. Kwenye ndimu na machungwa, makovu ya kijivu juu ya ganda ni ya tunda kusuguana na miiba na matawi. Ndani ni zima, liuze au ulile.

Una ua tayari, na mimea bado inaumia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hujenga ukuta wa mawe, au hufunga mabati, halafu mboga zilizo mita mbili nyuma yake zinavunjika kuliko zile za uwanjani. Ukuta mzima hauuli upepo. Upepo unapanda juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka kama mchuzi unaokorogwa, na mboga ndizo zilizoko ndani ya sufuria. Kizuizi kizuri ni kile chenye uwazi karibu nusu yake: fito zenye nafasi, makuti yaliyosukwa kwa uchache, au miti hai. Hicho hupunguza upepo mpaka umbali wa kama mara 10 ya urefu wake. Ua wa mita 2, basi, una faida hadi mita 20 hivi, na vitanda vyako havina haja ya kuugandama.

Kwa neti ya kivuli, kosa la kawaida ni kununua nzito. Ile inayozuia asilimia 80 au 90 ya jua inaushika upepo kama tanga, na nguzo ndizo zinazolipa. Chukua ya asilimia 50, ikaze pande zote ili isipigepige, na nguzo za mvinje (kasuarina) zizikwe angalau theluthi ya urefu wake. Neti inayopiga makofi usiku imekwisha kuanza kuchanika.

Tazama pia mapengo. Lango wazi, au kichochoro kati ya maghorofa mawili, hubana upepo na kuuongezea kasi. Huko Nyali na Kizingo, ghorofa jipya la jirani linaweza kubadilisha bustani iliyokuwa tulivu miaka yote. Weka kichaka au sehemu ya fito mbele ya pengo, kidogo pembeni, bila kuliziba.

Ukiwa na nafasi, mvinje hauna mpinzani kwenye pwani hii. Mwaka 1971, Rene Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali penye mwamba mtupu na maji ya chumvi, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali. Leo pale ni Haller Park. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaofunga naitrojeni, ndiyo maana hukubali udongo maskini. Lakini si jirani mwema wa karibu. Majani yake hufunika ardhi na mizizi hufuata maji, kwa hivyo weka mita kadhaa kati yake na vitanda, na umbali zaidi na shimo la maji taka. Kwa kiwanja kidogo, mkilifi (mwarobaini) unaokatwa kila mwaka, au mnyaa, hutosha. Utomvu wa mnyaa huumiza macho vibaya. Usiupande mahali watoto wanapocheza, na ukiukata vaa miwani.

Vyungu vya darini na roshani vinaanguka

Chungu chembamba chenye mmea mrefu kitaanguka hata kwa upepo wa kawaida. Jaribu mambo matatu kwanza: hamishia kwenye chombo kipana kuliko kirefu, weka kokoto au mawe chini, na kusanya vyungu pamoja, virefu katikati. Udongo uliokauka kabisa ni mwepesi, kwa hivyo mwagilia kabla ya usiku wa upepo. Vya roshani vishushwe sakafuni. Chungu kilichokaa juu ya ukingo wa ghorofa ya nne ni hatari kwa anayepita chini, si kwa mmea.

Upande wa pili wa jambo hili ni uzito. Ndoo ya lita 20 ya udongo uliolowa hupita kilo 30. Safu za ndoo hizo, pamoja na tangi la maji lililokwisha kuwapo, si mzigo wa kukisia. Ukiona nyufa kwenye dari la chini au maji yanapenya, ondoa vyungu na umwite mhandisi.

Minazi na miti mikubwa: hapa kazi si yako

Simama mbali utazame. Mti ulioinama tangu zamani si lazima uwe hatari; ulioinama wiki hii ni hatari. Udongo ulioinuka upande mmoja wa shina, ufa unaopanda kutoka chini, uyoga kwenye kitako, au sauti ya kulia mti unapoyumba: lolote kati ya hayo, watu na magari yaondoke chini yake na umwite fundi wa miti mwenye kamba na vifaa. Usikubali mtu wa kupita njia mwenye panga na bei rahisi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia upande wa Tanzania, pwani nzima ilikuwa kwenye tahadhari. Miti hukaguliwa kabla ya siku kama hizo, si zikiwa zimefika.

Tawi lililogusa waya wa umeme halivutwi kwa kamba, kwa fito wala kwa mkono, hata kama taa zimezima. Piga simu Kenya Power. Mti uliosimama nje ya mpaka wako si wako kuukata. Zungumza na kaunti kwanza.

Minazi iliyokomaa haihitaji kuegemezwa wala kukatwa makuti ya kijani. Makuti hayo ndiyo chakula chake. Angua nazi na makuti makavu kabla ya Juni, kwa mkwezi anayeijua kazi. Lakini mnazi uliokufa kilele, uliobaki gogo bila kuti hata moja, mkwezi asiupande kabisa. Huoza kutoka ndani, na hakuna ajuaye ni wapi utakatikia. Uangushwe kwa kamba kutoka chini, na mtu aliyewahi kuangusha mingine.